Nilihama Chama, Mume Wangu Akawaonyesha Nilipojificha

"Yumo humo humo ndani! Nyuma ya pazia kuna stoo. Mtoeni!"

Hiyo sauti, ndugu zangu, naijua kuliko yangu mwenyewe.

Ndiyo inayoniamsha asubuhi. Ndiyo iliyosema "nimekubali" mbele ya wazazi wangu.

Ilikuwa sauti ya mume wangu... ikitoka kwenye simu ya mtu mwingine, spika imefunguliwa, watu wote saluni wanasikia!

Na mimi nilikuwa nyuma ya hilo pazia.

Nimechuchumaa katikati ya ndoo za maji na draya mbovu, kiganja nimekibandika mdomoni. Dawa ya nywele inaniwasha pua. Nikipiga chafya tu, nimekwisha!

Mchana kweupe. Saluni yangu mwenyewe. Watu wanapita barabarani na mizigo yao kama vile hakuna linalotokea.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe.

Mimi nimezaliwa ndani ya chama cha Kengele. Baba yangu Kengele, mama yangu Kengele, hata pazia la sebuleni kwetu lilikuwa la rangi ya Kengele. Nikaolewa na nani? Mwenezi wa Kengele wa mtaa, msemaji wao mwenyewe! Mama mkwe wangu naye ni mwenyekiti wa akina mama wa Kengele. Akipiga kigelegele kwenye mkutano, mbwa wa mtaa wa pili wanajibu.

Ngazi, wapinzani wetu, kwetu kilikuwa chama cha wahuni tu. Sikuwahi hata kuwasikiliza.

Mpaka mdogo wangu alipofikwa na uchungu wa kujifungua.

Mtoto alikwama. Nesi wa zahanati akatoka nje amelowa jasho, akaniambia, "Dada, hapa hatuwezi. Mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi!"

"Gari la wagonjwa liko wapi?"

Nesi akaangalia chini.

"Limechukuliwa."

"Na nani?"

"Limebeba maspika ya mkutano wa Kengele."

Nikampigia mume wangu. Nyuma yake muziki unarindima, watu wanashangilia.

"Baba watoto, tunaomba gari! Mdogo wangu anakufa huku!"

"Mgeni rasmi hajapanda jukwaani bado. Maspika yakishushwa litakuja."

"Mtoto atakufa!"

"Punguza presha, mke wangu. Wanawake wanazaa kila siku."

Akakata.

Tulimpakia mdogo wangu kwenye pikapu ya saruji. Mimi nimemshika kichwa, yeye ameng'ata kitenge changu mpaka kikatoboka.

Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Siku ya mazishi mume wangu alisimama kando ya kile kishimo kidogo, akasema, "Ni mipango ya Mungu."

Moyoni nilisema, Mungu hakuchukua gari. Gari mmechukua nyinyi!

Kampeni zikaja. Siku moja nimefunga saluni narudi nyumbani, nikapita uwanjani, Ngazi wana mkutano. Nikasimama pembeni kabisa, kama mtu anayesubiri usafiri. Jukwaani mama mmoja mnene, nesi mstaafu, hana mbwembwe. Akauliza swali moja tu.

"Nani hapa aliwahi kulisubiri gari la wagonjwa likachelewa?"

Mikono ikaanza kunyanyuka. Mmoja... mwingine... kumi... uwanja mzima!

Nikatazama juu, nikaona na wangu umo.

Wallahi sikuuamuru. Ulikwenda wenyewe.

Nao waliokuwa na simu wakapiga picha.

Kesho yake ilikuwa imezagaa kwenye magrupu yote ya mtaa. Uso wangu umezungushiwa duara jekundu: MKE WA MWENEZI NI NGAZI! NYOKA NDANI YA NYUMBA!

Mume wangu hakunipiga. Hakunifokea hata. Alinywa chai yake, akafuta mdomo, akasema taratibu, "Umenivua nguo hadharani. Sasa usinilaumu kwa kitakachokukuta."

Bora angefoka, jamani. Mtu anayefoka unajua amesimama wapi.

Nikaenda kazini hivyo hivyo. Mteja wangu wa kwanza nani? Mama mkwe! Amekuja kusuka kwa ajili ya mkutano wa kufunga kampeni. Hakusema neno kuhusu picha. Alikaa kwenye kiti, akaniambia, "Nisuke za kurudi nyuma. Na usinivute sana, leo kichwa kinaniuma."

Nilifika nusu ya kichwa tukasikia vishindo vya vijana nje. Wimbo wa Kengele. Marungu yanagongwa kwenye mabati.

"Wanakuja hapa..." nilinong'ona.

Mama mkwe hakugeuka. Alinionyesha pazia kwa kidole.

Ndipo nikajikuta stooni, ndipo vijana wakaingia na mkuu wao akapokea ile simu ya mume wangu.

Mkuu wa wale vijana tunamwita Chuma. Mwili kama kabati la nguo. Nimemwona kwa macho yangu akimwaga mboga za mama wa watu aliyevaa kofia ya Ngazi.

Huyo huyo Chuma, na rungu mkononi, alipomwona mama mkwe akababaika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekosa kazi?"

"Mama, tunamtafuta mkweo. Mwenezi mwenyewe ametuambia yumo humu."

Nilifumba macho. Huyu mama hajawahi kunipenda. Kwake wali wangu bokoboko, umerojeka kama uji, nyumba yangu chafu, hata watoto wangu anasema wamefanana na upande wangu kwa bahati mbaya. Leo ndiyo nafasi yake!

"Ametoka kununua rasta," akasema mama mkwe. "Huoni kichwa changu kimebaki nusu?"

"Lakini Mwenezi amesema..."

"Mwenezi nimemzaa mimi, hakunizaa yeye!"

Nikasikia hatua. Nzito. Zinakuja kwangu.

Nyayo zikasimama upande wa pili wa pazia. Namsikia anavyohema! Kitambaa kinapepea kwa pumzi yake!

"Huko nyuma nimevua gauni langu nimelitundika," mama mkwe akapaza sauti. "Na vingine vya ndani. Unataka kuviona, mwanangu?"

Kijana mmoja akacheka. Chuma hakucheka.

Alisimama pale kama mwaka mzima.

Halafu... KRAAAA!

Kioo changu kikubwa! Kikafuata cha pili. Chupa za mafuta zikaenda chini. Kisha wimbo ukaanza tena, ukatoka, ukafifia.

Niliponyanyua pazia, sakafu yote vipande vya kioo. Mama mkwe yuko vile vile kwenye kiti, mikono ameikunja mapajani.

"Njoo umalize," akasema. "Nusu kichwa nitatembea vipi barabarani?"

Nilimsuka nalia. Nilipomaliza alinichukua mimi na wanangu, tukaenda kwake.

Kesho yake mume wangu akaja huko. Amevaa fulana ya chama, imepigwa pasi.

"Mama, naomba mke wangu. Aje jukwaani aombe radhi, yaishe."

"Ulituma vijana wampige mama wa watoto wako?"

"Wamtishe tu, mama. Siasa hiyo."

"Na wangemzidishia?"

Alinigeukia mimi, akanisogelea hadi sikioni.

"Kesho kwenye kituo cha kura tuna watu wetu ndani. Kila atakayepiga Ngazi tutamjua. Kila mmoja! Na wewe utakuwa wa kwanza."

Sikulala.

Siku ya kura foleni ilikuwa ndefu, na kimya. Mmewahi kuona foleni ya kura watu hawasemi? Hakuna utani, hakuna anayelalamikia baridi. Kila mtu anamtazama wa mbele yake kisogoni.

Getini amesimama mume wangu na Chuma na kundi lao. Hawasemi kitu. Wanatukodolea macho mmoja mmoja.

Nilimwona muuza maji wa mtaani kwetu akijifuta jasho asubuhi ile ya baridi. Nilimwona mwalimu wa wanangu anatafuna kucha. Nikajisemea, hawa wote Kengele, hawana cha kuogopa. Msaliti hapa ni mimi peke yangu.

Nikaingia kwenye kile kibanda cha kupigia kura. Kalamu inateleza kwa jasho. Nikatazama juu kama kuna kamera. Nikatazama chini ya meza.

Kengele... Ngazi...

Watoto wangu watalala wapi kama wale wa getini wakijua?

Nilikaa mpaka msimamizi akakohoa.

Nikaweka alama kwenye Ngazi, nikaikunja ile karatasi mara nyingi kama barua ya mapenzi, nikaitumbukiza. Nikatoka na tabasamu la bandia. Mume wangu akanitazama kidole chenye wino kana kwamba kitamwambia kitu.

Jioni, kabla jua halijazama, msimamizi akatoka nje na matokeo ya kituo chetu. Ngome ya Kengele, hiyo! Hapo Kengele haijawahi kushindwa tangu dunia iumbwe.

Akasoma Kengele. Watu wakashangilia.

Akasoma Ngazi.

Jamani!

Ngazi ilikuwa mara mbili yake!

Hakuna aliyeshangilia. Hakuna aliyelia. Mimi nilikuwa nasubiri kunyooshewa kidole, lakini wale vijana na marungu yao walikuwa wanageuka huku na huku. Wampige nani? Muuza maji? Mwalimu? Mama yule mwenye kanga ya Kengele?

Walitafuta msaliti mmoja, kumbe wamezungukwa!

Na sisi wasaliti kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Siku chache baadaye, nafagia saluni, mlango ukafunguliwa.

Chuma!

Peke yake. Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.

Ufagio ulinidondoka. Nikatafuta kitu cha kujihami, nikapata chanuo. Chanuo, ndugu zangu!

"Usipige kelele, dada," akasema. "Nina neno moja."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, kiti kikalia.

"Ile siku niliona kandambili zako chini ya pazia."

Nikazitazama kandambili miguuni.

"Uliniona?"

"Nilikuona. Lakini ningeondoka bila kuvunja kitu, wenzangu wangenishuku. Ndiyo maana nikavunja vioo."

"Wakushuku nini?"

Akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti. Lile jitu lote lilikuwa linaogopa!

"Mimi nimepiga Ngazi."

Nikaweka chanuo mezani.

"Chaguzi zote Kengele wananituma kupiga watu," akaendelea. "Wakishinda hawapokei simu yangu. Mwaka jana mke wangu naye alisubiri gari hilo hilo. Nani anibebee mgonjwa wangu? Gari nilikuwa nalilinda mimi mwenyewe, pale mkutanoni! Kwa hiyo ukiona napiga kelele kuliko wote... ujue naficha sauti yangu."

Akainuka, akasema "nisamehe, dada," akatoka.

Mpaka leo sijui ningemwambia nini. Aliyeniokoa na aliyenivunjia ni mtu mmoja.

Nikamkimbilia mama mkwe kumsimulia. Nilikuwa na uhakika na yeye ni mwenzetu.

"Kumbe mama na wewe ulipiga Ngazi!"

Akaacha kuchagua mchele.

"Nani? Mimi? Koma! Nimepiga Kengele, na nitapiga Kengele mpaka mnifukie!"

"Sasa... mbona ulinificha?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Kwani wewe ni kura? Wewe ni mkwe wangu. Na wali wako bado bokoboko."

Nilicheka na machozi yananitoka.

Tukiwa hapo hapo, hodi! Mume wangu. Amenyoa, ananukia.

Na amevaa fulana mpya ya Ngazi!

"Mke wangu, mambo yameisha," akasema na meno yote nje. "Nimeongea na wakubwa wa Ngazi, wamenipokea. Sasa tuko chama kimoja, rudi nyumbani."

Mama yake akasimama. Mchele ukamwagika.

"Umehama kwa sababu gani?"

"Mama, upepo umebadilika."

"Mwenzako amehama kwa sababu alizika. Akahama huku anatetemeka. Wewe umehama kwa sababu ya upepo?" Akamshika bega, akamgeuza kuelekea mlangoni. "Nenda ukalale huko huko kwenye upepo."

Sijarudi kwake. Bado nashtuka kila mlango unapogongwa, siwadanganyi.

Ila nimejifunza hili, nawaachia. Mtu hahami chama kwa sababu ya hotuba. Anahama siku aliyoita hakuna aliyemwitikia, na siku hiyo hata yeye mwenyewe hajui kwamba ameshahama. Kwa hiyo msiwapime watu kwa fulana wala kwa kelele. Aliyenificha alipiga kura tofauti na yangu. Aliyenivunjia vioo alipiga kama mimi. Na aliyenilaza kitandani kwake ndiye aliyenitaja.

Kura ni siri yako. Ila utu wako kila mtu anauona.