Jiwe la Nne la Sabina

Ndugu zangu wa Nyamalele, na ninyi wa miji mingine midogo ya ukingo huu wa ziwa, mimi si msomi. Darasa la nne niliishia hapo, nikaingia kwenye spana na baiskeli za watu. Lakini haya nimeyaona kwa macho yangu, na mguu wangu umevunjikia humo. Nisikilizeni.

Mji wetu ulikuwa na amani. Kati ya soko na mlima palikuwa na mkondo mpana wa mchanga, unaoteremka toka kwenye mawe makubwa ya mlimani hadi ziwani. Wanawake walitandaza nyavu kuukuu pale, wakazibana pembeni kwa mawe meupe, wakaanika dagaa. Mke wangu Sabina alikuwa mmoja wao. Mimi nilikaa chini ya turubai langu hatua chache tu, naziba pancha, namsikia anacheka na wenzake na kufukuza kunguru. Kama unataka kujua raha inanukaje, inanuka dagaa. Wakati ule sikujua.

Kisha wakubwa wakasema mji wetu umechakaa, eti katikati ya mji panatakiwa kufufuliwa. Kufufuliwa! Nani alikuwa amekufa? Wakati ule, hakuna.

Akaletwa mtaalamu wa mipango toka Mwanza, bwana Ponsian, Mhaya mmoja wa miwani, mpole, kila mzee anampa shikamoo yake. Tulikusanyika kwenye ghala la zamani la pamba. Akatandaza ramani kubwa sakafuni, akagawa mawe madogo, matatu kwa kila kaya.

"Wazee wangu," akasema, "mahali unapotaka pabaki kama palivyo, weka jiwe. Pasipo na jiwe ndipo tutakapojenga."

Jambo zuri, sivyo? Basi sikilizeni lilivyoharibiwa. Jana yake mwenyekiti wetu, Nkwabi, alikuwa amepita kwenye vijiwe vya kahawa vya wanaume. Alitunong'oneza kwamba vibanda vipya vitajengwa pale mkondoni, na atakayeweka jiwe pale asahau kibanda. Atakayekuwa mtu mwema atapewa cha mbele, kinachotazama barabara. Na mawe yenyewe walipewa wakuu wa kaya, yaani sisi wanaume. Wanawake walikaa ukutani kama magunia.

Nilipoinuka na mawe yangu matatu, Sabina alinivuta shati.

"Baba Annet, jiwe moja tu. Liweke kwenye mkondo."

"Nitaona."

"Usione. Weka."

Sikuweka. Moja nililiweka kanisani, moja kwenye stendi, moja kwenye mti wa bibi mmoja muuza pombe, watu wakacheka.

Bwana Ponsian akainama juu ya ramani, akakuna kichwa. "Samahani, wazee. Maji ya mlimani mvua ikinyesha yanapita wapi?"

Ghala zima kimya. Nawaambieni, kila mwanaume aliyekuwa mle alijua. Nkwabi akakohoa.

"Maji gani, mheshimiwa? Pale pakavu miaka yote. Hata mbuzi akikojoa, hayafiki ziwani."

Tukacheka. Sabina akasimama.

"Yanapita hapo hapo mnapotaka kujenga. Mwaka wa mvua za Elinino, nikiwa na mimba ya Annet, yalibeba ng'ombe mzima wa jirani yetu. Mkondo haujafa, umelala."

Nkwabi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Luhende, kumbe siku hizi mkuu wa kaya ni mama?"

Kicheko kilichofuata bado nakisikia. Masikio yakaniwaka moto. Nikasema, "Mama Annet, kaa chini. Hapa si kwenye dagaa."

Alifungua pindo la kanga, akatoa jiwe moja jeupe, lile la kubania nyavu, akatembea hadi katikati ya wanaume na kuliweka kwenye mkondo.

"Kila kaya mawe matatu," akasema Nkwabi. "La nne halihesabiwi."

Na mimi, ndugu zangu, nikainama, nikaliokota, nikalitia mfukoni.

Wakajenga. Viongozi walikuja na suti, utepe ukakatwa. Vigae vikatandikwa kwenye mchanga wa dagaa, na vibanda ishirini vikasimama kukatisha mkondo wote, vyote vimeegemea ukuta mmoja mrefu wa matofali uliougeuzia mlima mgongo. Nilipata cha tatu kutoka barabarani. Nikaandikiwa bango: LUHENDE FUNDI BAISKELI. Sabina hakuwa tena na pa kuanika. Alinunua dagaa waliokwisha kukauka, akawapima kwa sado, lile kopo la bati, kibandani kwangu, kwenye kona. Kucheka kule sikukusikia tena. Nikimuuliza, anasema, "Nimechoka tu."

Mwezi wa nne mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu, saa nane mchana, ikaongeza. Sabina aliweka sikio kwenye ukuta wa nyuma.

"Baba Annet, yameamka."

"Nini?"

"Maji. Yako nyuma hapa, hayana pa kutokea. Toka."

Nikagusa ukuta. Ulikuwa umelowa na unatetemeka kama ng'ombe mwenye homa. Yeye alishanyakua ile sado, akatoka mvuani anaigonga kwa komeo la mlango, kibanda kwa kibanda. "Tokeni! Tokeni, ukuta unakuja!" Evelina wa mitumba alitoka na mtoto mgongoni. Mzee Mayala wa viatu alitoka amevaa kimoja. Vibanda vyote ishirini vilitoka kwa sababu ya sado ya Sabina. Vyote isipokuwa kimoja.

Mimi nilikuwa napandisha matairi juu ya rafu. Matairi mapya, jamani. Na lile bango nilitaka kulibandua.

Alirudi, amelowa chapachapa. "Luhende!" Kwa jina langu hakuwahi kuniita tangu tuoane. "Luhende, toka!"

"Subiri kidogo, nimalizie haya mawili."

Akaingia kunivuta. Alinishika shati palepale alipolishika kule ghalani. Ndipo ukuta ukaja.

Mimi walinitoa na mguu umevunjika mara mbili. Yeye walimtoa baadaye, ziwa lilipokwisha kunywa maji yake.

Msibani Nkwabi alisimama, kofia mkononi, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikiwa nimelala kwenye mkeka niliwaza: Mungu hakuchora ramani. Mungu hakugawa vibanda. Annet, binti yetu aliyeolewa Buzuruga, hakulia mbele yangu. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Baba, mama alikuwa nje. Alirudi kufuata nini?"

Nikageuza uso, nikautazama ukuta.

Mwaka huu wameitisha mkutano mwingine wa kupanga eneo lile, ghala lile lile, mwenyekiti yule yule. Nilikwenda na gongo langu la kutembelea, nimejaa maneno. Nikayamwaga yote. Nikawaita wauaji, mwenyekiti kwanza, kisha wakubwa wa suti, kisha mtaalamu. Hakuna aliyenikatiza. Bwana Ponsian, ambaye amekonda, alifungua daftari lake la zamani.

"Shikamoo, mzee. Nina kosa, silikatai. Nilipaswa kupanda mlima ule kwa miguu yangu, sikupanda. Lakini niliuliza maji yanapita wapi. Nimeandika hapa: mwenyekiti anasema hakuna maji, mkutano umekubali. Mama mmoja amekataa." Akavua miwani. "Mzee, na wewe ulikuwepo."

Nkwabi alitazama sakafu. Na mimi nikatazama sakafu hiyo hiyo.

Yakagawiwa mawe matatu matatu. Safari hii nilichechemea hadi kwenye ramani, nikayaweka yote matatu mkondoni. Kisha nikatoa mfukoni lile jeupe, nililolitunza tangu siku ile, nikaliweka juu yake.

"Mzee, kaya yako ina mawe manne?" akauliza karani.

"Matatu ni yangu. Hili ni la marehemu. Lihesabuni."

Wakalihesabu. Mkondo hautajengwa tena. Wanawake wameanza kuanika pale. Mimi napita na gongo langu, natafuta kicheko kimoja katikati ya vingine, sikipati.

FUNZO

Viongozi wanaonunua ukimya wa watu kwa kibanda ni wabaya, na sitaacha kuwasema hadi nizikwe. Lakini ukimya haununuliwi kama hakuna anayeuuza. Mji ukipangwa upya, msimwulize mwenyekiti peke yake. Mwulizeni anayekanyaga ardhi hiyo kila siku, hata kama ni mwanamke mwenye magamba ya samaki mikononi. Na wewe baba mwenye nyumba, mkeo akikuvuta shati mbele za watu, usiogope kuchekwa. Kicheko cha watu ni cha dakika moja. Mimi cha kwangu nimekilipia, na aliyelala kaburini si mimi.