Ufunguo Wenye Kitambaa cha Buluu

Je, umewahi kutoka nje jioni kuutafuta mwezi wa Idi, ukakuta mawingu matupu?

Chiriku alitoka. Alikuwa darasa la sita, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu alipoamka mpaka alipolala. Alisimama uani akiangalia juu ya paa la jirani mpaka shingo ikamuuma. Hakuona kitu. Redio nayo ikatangaza kwamba mwezi haujaandama.

"Basi kesho tunafunga," bibi alisema, akarudisha sufuria kubwa juu ya kabati.

Mama aliingia chumbani na simu yake, kisha akatoka. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja tu. Msimamizi alitaka tarehe mapema, naye akaitaja ile ambayo kila mtu aliitegemea. Sasa mapumziko yake yameangukia siku ya kufunga, na Idi itamkuta kwenye mapipa ya sabuni.

"Si umwombe akubadilishie?" Chiriku aliuliza.

"Nimeshampigia, mwanangu. Kesho kutwa hana mtu mwingine."

Stoo ya mashuka safi ilikuwa na ufunguo mmoja. Wa pili ulivunjikia ndani ya kufuli zamani, na hakuna aliyejishughulisha kuchonga mwingine. Kwa hiyo anayetoka zamu humkabidhi mwenzake mkononi. Mkesha wa Idi, mwenzake mama alipita nyumbani akauacha, ukiwa umefungwa kitambaa cha buluu. Mama akautundika kwenye msumari karibu na mlango.

Asubuhi ya Idi, mama alipokuwa akioga, Chiriku aliutoa pale msumarini akautia kwenye mfuko wa gauni lake jipya. Aliwaza hivi: bila ufunguo hakuna stoo, bila stoo hakuna kazi, na mama atabaki.

Mama aliinua magodoro. Alimwaga mkoba wake wote sakafuni. Alitikisa hata viatu.

"Chiriku, umeuona ufunguo wangu?"

"Sijauona."

"Leo chiriku anaongea neno moja tu," bibi alitania, lakini hakuna aliyecheka. Mama akaondoka hivyo hivyo, hajatia kitu tumboni, akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Chiriku alikwenda na bibi kuswali. Wenzake walionyeshana nguo na kuvutana mikono, wakamwita, naye akajifanya anafunga kiatu. Kila alipoinama, ule ufunguo ulimchoma pajani.

Waliporudi nyumbani, simu ya bibi iliita. Sauti ya mama ilisikika chumba kizima.

"Mama, hebu angalieni tena chini ya kitanda. Mafundi wa kufuli wote wako sikukuu. Kuna mzazi hapa amejifungua alfajiri, amelala juu ya mpira mtupu wa godoro, anatetemeka. Amejifunika gauni lake lile lile lenye damu. Msimamizi anasema nikishindwa kuupata, kesho nisije."

Chiriku alitia mkono mfukoni, akauweka ufunguo mezani.

Bibi aliutazama, kisha akamtazama mjukuu wake. Hakumpiga wala hakupaza sauti. "Vaa viatu," alisema.

Hospitalini walimkuta mama mlangoni pa stoo, na msimamizi kando yake amekunja uso. Mama aliupokea ufunguo bila kuuliza, akafungua, akabeba mashuka kifuani na kukimbia nayo wodini. Kupitia mlango, Chiriku alimwona yule mzazi. Midomo yake ilikuwa imepauka, na mkono aliomshikia mtoto ulikuwa unatikisika. Muuguzi alimfunika shuka, akaongeza na jingine.

"Ni mimi niliyeuficha," Chiriku alimwambia msimamizi. "Mama hakujua."

Msimamizi alivuta pumzi. "Mama yako atabaki na kazi yake. Lakini ufunguo hatashika tena, atashika mwingine. Na umshukuru Mungu yule mama hajapoteza fahamu."

Mama alirudi, mikono yake ikinuka dawa, akafungua kile kitambaa na kumkabidhi msimamizi ufunguo, naye akamweleza yote. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akamvuta Chiriku karibu.

"Ulichotaka wewe kimelipwa na mtu asiyekujua hata jina," alisema. "Yule mama hakukukosea kitu. Ukiwa na uchungu, mwanangu, useme, hata kama hakuna wa kukusaidia. Ukiuficha na kusema uongo, utamwangukia mwingine. Umenielewa?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Sasa niambie. Nina zamu mpaka jioni, lakini hili nitakaa nilisikilize. Ulikuwa unataka nini?"

Msichana wa maneno mengi alikichukua kile kitambaa cha buluu mkononi mwa mama, akakizungusha kidoleni, na machozi yakamtangulia.

"Nilitaka ukae, mama. Idi iliyopita pia tulikula bila wewe."