Landrova ya Baba Isiyo na Injini

Watu wa Kaisho wana namna mbili za kuisimulia habari hii, na zote mbili ni za uongo. Ya kweli ninayo mimi, Stephania binti Anastazi, kwa sababu aliyepatwa nayo ni mdogo wangu Aristides, na mimi ndiye niliyemvutia mnyororo.

Ilikuwa Alhamisi ya kiangazi, mwaka 1991. Kahawa imeanikwa uani, kuku wanafukuzwa, redio inaimba sebuleni kwa betri tuliyoitoa kwenye gari. Baba alikuwa na siku tano kaburini, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Bandani ilisimama Landrova yake, kuukuu kuliko mimi, yenye injini ya petroli iliyokunywa kama mlevi wa rubisi.

Gari hilo lilibeba wagonjwa wa vijiji vyote kwenda hospitali ya misheni. Baba hakumkatalia mtu. "Mgonjwa hasubiri," ndiyo ilikuwa kauli yake, na kanisani walimsifu kwayo. Lakini siku mama alipozidiwa, baba alikuwa njiani na wagonjwa wa wengine. Mama alifia mkekani akisubiri gari la mumewe. Waombolezaji wakatufariji kwamba kinyozi hajinyoi. Maneno matamu hayo, kwa asiyemzika mama yake. Mimi sikumsamehe baba, wala sijamsamehe.

Aristides alikuwa fundi. Tangu baba alale kitandani, alikuwa akiifufua ile Landrova: alichomelea chesisi, akanyoosha milango, akapaka rangi. Alitaka safari hii gari liwe la nyumba yetu. Kilichobaki ni injini. Polikarpi, mchuuzi wa Murongo, alikuwa amemwekea ya dizeli iliyovuka kutoka Uganda, naye alisema hatangoja wiki.

Shangazi Kokushubira, dada wa baba, alitukuta tumesimika miti mitatu ya mkaratusi juu ya boneti, mnyororo wa kung'olea injini ukining'inia. Kwetu vitu vya marehemu havifunguliwi kabla mrithi hajakalishwa kwenye kiti cha marehemu. Hata jembe hungoja.

"Mwacheni kwanza marehemu ajue kwamba gari si lake tena," alinong'ona.

"Shangazi, chuma hakina matanga," Aristides akamjibu, akicheka.

Nikavuta mnyororo. Injini ilipaswa kunivunja mgongo. Ilipanda nyepesi, kana kwamba kuna mtu anaisukuma kwa chini. Tukalisukuma gari nyuma kidogo, injini ikabaki inaning'inia.

Ijumaa asubuhi Aristides alidandia lori kwenda Murongo kuipima ile injini mpya. Mimi nilikuwa shambani nachuma kahawa. Saa nne hivi nikasikia Landrova ikipanda kilima. Baba alikuwa na kawaida ya kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, injini ikilia peke yake katikati. Hakuna dereva mwingine wa huku aliyeendesha hivyo. Nilisikia gia ya tatu, kisha ya pili. Nikaacha kikapu changu hapo hapo.

Nilipofika nyumbani, gari lilikuwa bandani. Injini ilikuwa inaning'inia kwenye miti yake, inadondosha oili. Nikapumua.

Kisha nikaona magurudumu. Yalikuwa na tope bichi, jekundu. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Nikaifungua. Ndani palikuwa wazi, naona majani chini. Nikaifunga taratibu, nikaenda kukaa jikoni. Sikumwambia mtu. Hilo ni kosa langu mimi, si la baba.

Jumamosi alikuja Twagirayezu, Mnyarwanda aliyekuwa kibarua wa mashamba ya jirani. Amebeba mkungu wa ndizi kichwani na chupa ya uji mkononi. Mkewe, Mukantabana, alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja.

"Shikamoo dada. Mwebare, mwebare sana," alishukuru kwa lugha ya huku, akiutua mkungu miguuni pangu. "Jana mmeniokolea mke wangu. Uchungu ulimshika njiani, gari likasimama lenyewe. Nampelekea uji hospitali."

Aristides, aliyerudi usiku, alitoka bandani na spana mkononi. "Gari gani?"

"Lako. Si wewe uliyekuwa unaendesha? Umevuta kofia, hata salamu hukuitika. Nilitaka kupanda naye, mlango ukafungwa. Ulisema tu, mgonjwa hasubiri."

Aristides akaelekeza spana kwenye miti ya mkaratusi. Twagirayezu akaitazama injini. Akatazama gari. Chupa ya uji ikamponyoka.

Walienda hospitali kwa baiskeli moja. Mukantabana hakuwa amepokelewa. Tulimtafuta kwenye mabonde, vichakani, hadi mto Kagera. Baba alikuwa amempeleka, bila shaka. Lakini aliko baba sasa, kuna wadi gani?

Polisi walimchukua Aristides. Mmoja wao alifunua boneti, akacheka. Kisha akaangalia tope la magurudumuni, akaacha kucheka. Walimwachia baada ya siku tatu, maana gari lisilo na injini halishitakiki. Kijiji hakikujali. Mchawi ana haja gani na injini? Walisema amemtoa kafara mwanamke wa watu ili arithi kiti. Wale wale ambao baba aliwabebea watoto walimfyekea mdogo wangu kahawa yake yote. Alivuka mpaka na begi moja. Hadi leo hajaniandikia.

Shangazi alinikalisha mimi kwenye kiti cha baba, siku ya tisa baada ya ile Ijumaa. Alisema jina langu, akaliambia gari lina mwenyewe mpya. Twagirayezu alikuwa amesimama nje ya ua, kama kila siku. Nilifungua mlango wa nyuma wa gari nilifagie, angalau nifanye kitu.

Sakafuni palikuwa na kitovu cha mtoto. Kimekauka, cheusi, kimefungwa kwa uzi wa kijani.

Nimezaa wanne. Kitovu hudondoka hivyo mtoto akishatimiza kama wiki moja, ananyonya, analia, anaishi. Nilikiweka kwenye kiganja cha Twagirayezu. Aliugusa ule uzi kwa kidole.

"Ni wa kitenge chake," alisema.

Alikizika chini ya mgomba, kama baba yeyote anavyofanya. Kisha akarudi bandani, akapanda nyuma ya gari, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akafunga mlango. Nilimpelekea chakula mchana. Benchi lilikuwa tupu, na boneti ilikuwa ya moto.