Kitanzi cha Tansy

Barafu ililia mara moja tu, miguu ya nyuma ya Tansy ikatoweka.

Thirza aliruka kando, akaanguka kifudifudi. Alipoinua kichwa, farasi wake jike alikuwa amezama hadi mabegani, akipigapiga kwato kwenye ukingo uliozidi kumeguka.

Tufani ilikuwa imebomoa zizi la Thirza na theluji kufunga barabara. Ilibaki kuvuka ghuba iliyoganda hadi kwa wifi yake, Melvina, aliyekuja kumsaidia. Lakini Thirza alichukua njia ya mkato karibu na mkondo, mahali ambapo kila mtu wa kisiwa cha Newfoundland anajua barafu ni nyembamba. Haraka haraka haina baraka. Farasi hawa wadogo wa kisiwani wamebaki wa kuhesabika, na Tansy alikuwa na mimba ya miezi tisa.

"Lala chini, wifi! Utazama naye!" Melvina alipiga kelele nyuma yake.

Thirza alitambaa. Kabla ya kuvuka alikuwa amemvika Tansy kitanzi shingoni, kama babake alivyofanya kila mara. Aliikamata kamba, akakaza.

"Una wazimu? Unamnyonga!"

"Ndiyo, namnyonga! Pumzi isipotoka atajaa hewa, ataelea! Vuta! Viazi vyangu umekula miaka thelathini, leo vifanye kazi!"

Melvina alivuta. Macho ya Tansy yalimtoka. Thirza alilia kwa sauti, wala hakulegeza. Mara mbavu zikavimba, mwili ukalala ubavu, ukapanda juu kama pipa tupu.

"Sasa!"

Walimburuta hadi kwenye barafu nene. Thirza alikilegeza kitanzi. Tansy hakupumua. Alimpiga ngumi kifuani.

"Pumua, mkaidi wewe!"

Tansy alikohoa, akavuta pumzi ndefu.

Hawakupumzika; kwa upepo ule, kulowa ni kufa. Walimwinua, wakamfunika makoti yao, wakamkimbiza. Theluji ilificha ufuko.

"Tunaelekea wapi?" aliuliza Thirza, meno yakigongana.

"Tulipoondoka upepo ulikuwa shavu la kushoto. Uweke hapo hapo!"

Zizini kwa Melvina walimsugua kwa nyasi kavu mpaka akafuka mvuke. Tansy alianza kula. Thirza hakugusa chai. Alikuwa ameweka kiganja chini ya tumbo la farasi, akingoja.

"Nimemuua mwanawe, wifi."

"Nyamaza, ngoja."

Walingoja sana. Kisha kitu kikampiga Thirza kiganjani kutoka ndani ya tumbo, kwa hasira, mara mbili.

"Huyo wa kwenu," alisema Melvina, machozi yakimtiririka. "Ana kisirani."