Sungura wa Maji Matupu

Kila asubuhi ya likizo ile ya mwaka 1958, Naliaka alitoka Kangemi akiwa amekaa nyuma ya baiskeli ya baba yake, amepakata gunia la majani. Baba yake, Nashon, alikuwa mtunza sungura katika maabara moja mjini Nairobi. Kazi ya Naliaka ilikuwa kuwalisha. Zamani alipenda kuimba akifanya kazi, lakini tangu mdogo wake Lazarus afe kwa homa ya mapafu, hakuna aliyeimba nyumbani kwao.

Sungura hao nao walikuwa wameambukizwa ugonjwa wa mapafu ili dawa ijaribiwe. Daktari Muli alikuwa akijaribu magome ya mti ambayo Nyanya Njambi wa Kabiria aliwachemshia majirani wenye kifua. Sungura wa upande wa kulia walinyweshwa maji ya magome. Wa kushoto walipewa maji matupu.

"Baba, mbona hawa wananyimwa dawa?"

"Ili tuone tofauti. Walishe tu majani, usiwape kitu kingine."

Lakini mmoja wa kushoto, mwenye sikio jeusi, alipumua kwa shida, mbavu zikipanda na kushuka. Naliaka aliijua pumzi hiyo. Aliisikia kitandani kwa Lazarus mpaka iliponyamaza, na Lazarus hakuonja magome hayo, maana familia yake ilimjua Nyanya Njambi baada ya mazishi tu. Baba alipotoka kumwaga takataka, Naliaka alimnywesha Sikio Jeusi dawa iliyobaki kwenye chupa. Kesho yake aliona haya kuwaruka sungura wengine wa kushoto, akawanywesha wote. Akaendelea hivyo kila siku, na moyo wake ukatulia kidogo.

Sungura wa pande zote mbili wakapata nafuu. Naliaka alitarajia shangwe. Badala yake Daktari Muli alivua miwani, akamgeukia Nyanya Njambi aliyekuwa ameleta magome mengine.

"Mama, nasikitika. Waliopewa maji matupu wamepona sawa na waliopewa dawa. Magome yako hayakufanya lolote. Tunaacha."

Nyanya Njambi hakubishana. Alianza kuyarudisha magome kikapuni. "Kumbe nimewadanganya watu miaka yote hii," alisema.

Naliaka alishindwa kuvumilia. "Hujawadanganya, Nyanya! Ni mimi. Hata wa kushoto nimewanywesha dawa."

"Naliaka! Si nilikukataza?" Baba alifoka.

"Mwache, Nashon," alisema Daktari. "Afadhali amesema. Itabidi turudie kwa sungura wengine."

"Na watakaopewa maji matupu?" Naliaka aliuliza.

"Wengi watakufa, binti yangu."

Walirudia. Safari hii Naliaka aliwapa majani tu, akasikia pumzi zile na kuondoka akilia. Wa kushoto wakafa karibu wote. Wa kulia wengi wakapona, ingawa si wote. Baba alichimba shimo nyuma ya maabara, na Naliaka akawalaza humo kwa mikono yake mwenyewe.

"Hawa wamekufa kwa sababu yangu," alisema.

Daktari Muli alichuchumaa karibu naye. "Ni kweli, tungepata jibu mara ya kwanza, hawa wasingeambukizwa. Uliwahurumia, na huruma si kosa. Kosa lilikuwa kuficha. Ukificha jambo, anayelipa mara nyingi ni mwingine. Lakini ulisema ukweli kabla hatujayatupa magome, na sasa tuna sababu ya kuendelea."

Nyanya Njambi, aliyekuwa amekuja kuleta magome mengine, kikapu kitupu mkononi, alimfuta Naliaka machozi kwa pembe ya leso yake.

"Daktari," Naliaka aliuliza, "Lazarus angekunywa magome haya, angepona?"

Ilikuwa rahisi kwa Daktari kusema ndiyo, au kusema hapana.

"Sijui," alisema. "Sitakudanganya. Bado hatujui kama yanawafaa watu. Ndiyo maana lazima tuyapime bila kuficha kitu, ili mtoto mwingine akiugua, dada yake akiuliza, tuweze kumjibu."

Naliaka aliitikia kwa kichwa, akachukua jembe kutoka kwa baba yake, akaanza kufukia shimo.