Mapipa Manne ya Nabalayo

Kila asubuhi, kabla ya kupika uji, Nabalayo aliingia chumbani kugusa mapipa yake. Yalikuwa manne, ya plastiki ya buluu, yamepangwa kando ya kitanda. Ndani mlikuwa na blanketi, sufuria nzuri, sare za shule na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Alibonyeza kila kifuniko kuona kama kimekaza. Ndipo akatoka kuwasha jiko.

Mapipa hayo ndiyo yaliyobeba nyumba yao mwanzoni mwa mwaka 2008, walipokimbia vita vya baada ya uchaguzi. Walilala kwenye hema miezi mitano. Waliporudi Kimumu, mtaa wao hapa Eldoret, nyumba haikuwa na mlango wala madirisha. Mumewe, Wasike, alirudisha mlango. Akarudisha madirisha. Lakini Nabalayo hakuvitoa vitu kwenye mapipa.

Sasa ilikuwa Desemba 2012, na uchaguzi mwingine ungefanyika mwezi wa tatu. Wasike ni fundi wa nyumba, na watu walikuwa wameacha kujenga. "Wacha kwanza kura ipite," kila mtu alimwambia. Familia ikategemea shamba dogo nyuma ya nyumba, lenye sukuma wiki, managu na kunde.

Nayo mvua ilikuwa imekatika. Maji ya mfereji yalikuja Ijumaa tu, kwa saa chache. Nabalayo alijaza mitungi yake sita. Mfereji uliendelea kutoa, naye hakuwa na pa kuyaweka.

"Mama Hulda!" jirani yake Jemutai alimwita juu ya ua. Hulda ni binti mkubwa wa Nabalayo. "Hiyo sukuma unapika ama unawashia jiko?"

"Wewe cheka tu, Mama Kiplimo. Si una tanki."

"Tanki gani? Ni mapipa nimeunganisha." Jemutai alifundisha vikundi vya akina mama kulima mboga. "Si mko na mapipa? Mnayafanyia nini?"

"Yana kazi."

"Kazi gani?"

Nabalayo alishika mtungi, akamwagilia. Jemutai akaacha kucheka.

Kufika Januari, safu mbili za sukuma zilikuwa zimekufa. Watoto walikula ugali na chumvi siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Nabalayo alisongamanisha vitu vyote kwenye mapipa mawili, akatoa mawili nje.

"Mawili peke yake," alimwambia Wasike. "Hayo mengine usiguse."

"Unangoja gari la kuhama ambalo hakuna mtu ameita," Wasike alisema.

"Likija utanishukuru."

Wasike alifanya haraka. Aliweka pipa moja karibu na nyumba, la pili hatua chache chini, kwenye mteremko. Akatoboa karibu na kitako cha kila pipa, akaunganisha kwa paipu. Ijumaa, maji yalipokuja, pipa la chini lilijaa, likafurika. La juu halikufika hata nusu.

"Paipu ni mbovu," Wasike alisema kwa hasira.

Jemutai alikuwa amesimama langoni. "Paipu haina makosa, Baba Hulda. Maji yakiunganishwa hutaka kulingana. Ukiweka pipa moja chini, yote yanakimbilia huko. Wewe ni fundi, leta ile levo yako ya kujengea."

Wasike alicheka kwa aibu. Alikuwa amesawazisha kuta za watu miaka kumi, na hakufikiria kusawazisha mapipa.

Walipanga matofali ya saruji, safu mbili kwenda juu, wakayapima kwa levo. Jemutai aligonga pipa kwa kidole.

"Hili lilikuwa na nini zamani?"

"Juisi," Nabalayo alijibu.

"Sawa. Lingekuwa la dawa ya shamba, ningekwambia usiweke maji ya mboga humo kabisa."

Aliwaonyesha raba mbili, moja ndani ya pipa na moja nje, kabla ya kukaza nati ya paipu, ili lisivuje. Aliwaambia watoboe tundu dogo karibu na mdomo wa pipa, maji ya ziada yatoke hapo. Kifuniko kikae juu bila kubana sana, hewa ipite, na tundu lifunikwe kwa wavu mbu wasizalie ndani.

Wiki hiyo sukuma zilianza kuinuka. Lakini jua la Februari lilikuwa kali. Maji ya mapipa mawili yaliisha Jumanne, na Ijumaa ilikuwa mbali.

Na watu walikuwa wanahama. Magari yalipita na magodoro juu. Nabalayo alitoka langoni, akarudi. Akatoka tena. Alhamisi alasiri Jemutai alimkuta hapo.

"Unaenda, Mama Hulda?"

"Sijui. Siwezi kukaa chini. Hata chai hainyweki."

Jemutai alitazama barabara. "Ile mara ya kwanza niliwaona mkipakia. Nilifunga mlango wangu. Nilikuwa naogopa. Mpaka leo hiyo kitu inanikaa hapa." Aligusa kifua.

"Na ukiniona tena nikipakia?"

"Nitakuja nisimame na wewe hapa langoni. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi, nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Nabalayo aliondoka langoni. Kisha aliingia chumbani, akamwaga blanketi kitandani. Akatoa sufuria. Akatoa sare na vyeti. Aliviringisha mapipa mawili yaliyobaki hadi nje, akaweka kipande cha bomba la chuma kwenye makaa.

"Lete nishike," Wasike alisema.

"Hapana. Haya nitatoboa mwenyewe."

Plastiki ililia, moshi ukatoka. Alisimama upande upepo unakotoka, asiuvute. Tundu lilikuwa zuri.

Ijumaa, mapipa yote yakiwa yameunganishwa, waliweka mpira wa mfereji kwenye pipa moja tu. Maji yalipanda katika yote manne, pamoja, kama watoto wanaopimwa urefu. Mfereji ulipokauka, yalikuwa yamejaa.

Siku ya kura ilifika. Kisha zikaja siku za kungoja matokeo. Nabalayo alimwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, kwa kuwa hakuweza kutulia. Soko lilikuwa limefungwa. Alichuma managu, akampelekea Jemutai mafungu mawili. Kimumu palikuwa kimya, na kimya kile kikakaa.

Mwezi wa nne mvua ilirudi, na Wasike akapata kazi ya kujenga.

"Nipe pipa moja niende nalo," alimwambia mkewe. "Nataka la kuweka maji ya kukorogea saruji."

Nabalayo alikuwa ameinama, anapalilia. Hakuinua hata kichwa.

"Tafuta lingine, Baba Hulda," alisema. "Haya hayatoki hapa."