Kikombe Kidogo cha Uji

Soko la Runyenjes lilikuwa limejaa mpaka barabarani siku Kailemia alipokanyaga nduma, yaani magimbi, alizotandaza Mukami chini akiuza. Alikuwa anarudi kinyumenyume akikwepa boda boda iliyobeba ndizi.

“Wewe! Hicho ni chakula, si ngazi,” Mukami alisema, kisha akainamisha macho. Hakuwa amezoea kupaza sauti.

“Pole, mrembo. Nitanunua zote nilizokanyaga.”

“Umekanyaga moja.”

“Basi ngoja nikanyage zingine.”

Mukami alicheka akiwa amefunika mdomo kwa leso. Kailemia alikuwa mpishi katika mkahawa wa Kijapani karibu na Kinoru, mjini Meru, mahali ambapo watu hupiga chakula picha kabla ya kukila, na sahani moja ni bei ya gunia la nduma. Siku hiyo alinunua gunia zima. Wiki iliyofuata alirudi, na wiki nyingine tena, hata wakati mkahawa haukuhitaji nduma. Jioni alikuwa akipiga simu.

“Umekula nini, switi?”

“Githeri, mahindi na maharagwe tu.”

“Mimi leo nimepika samaki mbichi.”

“Sasa kama ni mbichi, umepika nini?”

Miezi mitano ikapita hivyo. Mukami alikuwa ameshaamua moyoni. Alichongoja ni Kailemia aende kwao, aongee na baba yake, Mzee Nyaga. Badala yake Kailemia alimwalika kula mkahawani Jumamosi mchana, pamoja na Kirimi, kaka yake mkubwa aliyemlea.

Mukami alifika na gauni la kijani la mikono mirefu, nywele zimesukwa upya. Meza zilikuwa nyeusi, taa zilikuwa za karatasi, na wahudumu walitembea kama watu walio kanisani. Kirimi, mwanamume mnene mwenye koti la ngozi, alimsalimia na kumtazama vizuri. Mukami akashika vijiti vya kulia. Kimoja kilimponyoka kikaangukia lile koti.

“Wacha hivyo,” Kirimi alisema, naye akaanza kula kwa vidole.

Palikuwa na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, uliofungwa kwa mwani mweusi, samaki mbichi wa rangi ya papai, na nduma zilizokatwa nyembamba na kukaangwa zikalia mdomoni.

“Hizi ni zangu?” Mukami aliuliza.

“Ndizo,” alisema mhudumu. “Lakini hapa zina jina refu.”

Halafu Kailemia mwenyewe akatoka jikoni na aproni yake nyeupe. Alishika kwa mikono miwili kikombe cha udongo kisichozidi yai. Ndani palikuwa na uji wa mtama uliochachushwa.

“Huu hauko kwa menyu,” alisema. “Nimekutengenezea wewe.”

“Kunywa, shemeji, tukuone,” Kirimi alisema.

Mikono ya Mukami ilibaki mapajani. Kwao, msichana hupokea kikombe cha uji mbele ya watu wa mwanamume mara moja tu maishani, baba yake akiwa amemuuliza, “Tunywe?” Akinywa, amekubali kuolewa. Nyanya yake alikunywa hivyo, na dada yake pia. Kunywa hapa, baba hayupo, ilikuwa kujioza mwenyewe hotelini. Kailemia, aliyekulia mjini, hakuyajua hayo. Kwake uji ulikuwa uji.

“Naomba maji,” Mukami alisema polepole.

“Onja tu.”

“Hapana, Kailemia.”

Wahudumu walisimama wakitazama. Uso wa Kailemia ulibadilika.

“Samaki mbichi umekula. Uji wangu ndio umekushinda?”

Mukami alitaka kueleza, lakini macho yalikuwa mengi. Akashukuru kwa chakula, akachukua mkoba, akatoka.

“Huyo hakutaki,” Kirimi alimwambia ndugu yake.

Siku kumi na mbili simu haikulia. Siku ya soko akaja mtu mwingine kuchukua nduma za mkahawa. Alipoondoka, Mukami alienda nyuma ya kibanda, akapiga simu mwenyewe. Kwenye simu hakuna macho.

“Sikiza, usinikatize. Nikinyamaza sitaanza tena.” Akamweleza yote.

Upande wa pili Kailemia akaepua kikaango kilichokuwa kikilia mafuta.

“Kwa hivyo hukunikataa?”

“Nilikataa mahali. Wewe sikukukataa.”

“Na mimi kila siku nachachusha uji upya, nikidhani ulikuwa mkali.”

“Wewe ni mjinga kidogo.”

“Kidogo tu, mpenzi?”

“Baba huwa nyumbani Jumapili, baada ya kanisa.”

Jumapili ya tatu Kailemia alifika kwa Mzee Nyaga akiwa na Kirimi na wajomba wawili. Mazungumzo yalipokwisha, alimimina uji kutoka kwenye kibuyu hadi kikombe kile kile. Mzee Nyaga alikigeuza geuza.

“Hiki ni cha kunywea uji ama dawa ya kikohozi?”

“Mzee, huko mkahawani kwake hata udogo unalipiwa,” Kirimi alisema, na watu wakacheka.

Kisha mzee akamwita binti yake kutoka jikoni. Mukami alikuja na lile gauni la kijani. Kicheko kikaisha.

“Mukami, watu hawa wameleta uji. Tunywe?”

Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo kwa leso. Halafu akamnyooshea Kailemia kile kikombe kitupu.

“Ni kidogo,” alisema, na safari hii wote walimsikia. “Ongeza.”